Siku ya Familia kwa Wanyama Hupangwa kwa Saa ya Mnyama

Siku ya familia kwenye bustani ya wanyama hupangwa kwa mambo mawili: saa ambazo wanyama huwa macho, na nguvu za mtoto mdogo kuliko wote katika msafara. Mengine yote, nauli, chakula, nguo za sikukuu, hufuata nyuma ya hayo. Familia nyingi hupanga kinyumenyume. Huanza na gari, kisha hutafuta watu wa kulijaza, kisha hupika chakula cha kuwatosha watu hao, na mwisho hufika langoni saa saba mchana, jua likiwa utosini, simba amejilaza kivulini na mtoto wa miaka minne ameshaanza kudai kubebwa. Jioni hurudi wakisema bustani haina kitu. Simba anaweza kulala hadi saa ishirini kwa siku, na mgeni anayefika adhuhuri amemkuta katikati ya usiku wake.

Jambo la kwanza kuamua ni mahali, na mahali huchaguliwa kwa umbali kabla ya umaarufu. Mfano mzuri ni makao ya sokwe ya Sweetwaters, ndani ya Hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia. Yalifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano kati ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) na Taasisi ya Jane Goodall, ili kuwapokea sokwe waliokuwa wakitunzwa Burundi vita vilipozuka nchini humo. Porini Kenya hakuna sokwe hata mmoja, kwa hiyo mtoto wa Kenya hana mahali pengine nchini pa kumtazama sokwe kwa utulivu kama huo. Kwa familia ya Nanyuki au Nyeri hiyo ni safari ya asubuhi. Kwa familia ya Nairobi, iliyo umbali wa kilomita 200 hivi, ni safari ya kulala huko usiku mmoja. Anayeilazimisha iwe ya siku moja atawakalisha watoto garini saa saba au nane, kwenda na kurudi, ili wawaone sokwe kwa saa mbili wakiwa wamechoka.

Mkazi wa Mwanza ana bahati ambayo wenzake wa miji mingine wangeitamani. Kisiwa cha Saanane kiko kilomita mbili hivi kutoka katikati ya jiji, mwendo wa dakika chache kwa boti. Kinaitwa kwa jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekimiliki kabla serikali haijakichukua. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama ya kwanza nchini Tanzania, mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa, iliyo ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Udogo huo ndio unaoifaa familia. Kisiwa kinazungukwa kwa miguu na kumalizika kabla mtoto hajachoka, na hakuna haja ya kukodi gari la kitalii.

Baada ya umbali huja swali la wanyama wenyewe: wametoka wapi? Bustani nyingi za kuaminika za Afrika Mashariki zilianza kama makao ya yatima. Kituo cha Entebbe, ambacho Waganda wengi bado hukiita zuu, kilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya wanyama waliopatikana hawana mama au walionaswa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Kituo cha yatima kilicho langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kilifunguliwa mwaka 1964 kwa kazi hiyo hiyo. Duma aliyeokotwa akiwa kitoto hana wa kumfundisha kuwinda, na kumrudisha porini bila mafunzo ni kumtupa. Kumtunza ni wajibu, na kiingilio cha familia huchangia chakula chake na dawa zake.

Hali ni tofauti mahali ambapo mtoto wa simba hupitishwa kutoka mkono hadi mkono ili wageni wapigwe naye picha. Mnyama huyo huwa salama kushikwa kwa miezi michache tu, kisha meno na kucha humfanya asifae tena kwa biashara hiyo. Ili picha ziendelee, lazima apatikane mwingine mchanga. Familia inayolipia picha moja ya namna hiyo inalipia kitoto kingine kitenganishwe na mama yake, na watoto wake wanajifunza kwamba mnyama ni kitu cha kushikwashikwa. Hapa mzazi hana budi kukataa, hata kama watoto watalia. Dalili nyingine za mahali pabaya huonekana bila utaalamu wowote: kizimba kisicho na kivuli, chombo cha maji kilichokauka, mnyama asiye na pa kujificha macho ya watu, au mnyama anayekwenda na kurudi kwenye mstari ule ule saa nzima bila kusimama. Palipo pazuri, mtunzaji akiulizwa hutaja jina la mnyama, alikotoka na anachokula, tena kwa furaha, kama mtu anayeulizwa habari za wanawe.

Kwa familia za Pwani ya Kenya mahali panapotimiza masharti haya ni Haller Park, Bamburi, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, na panastahili kuelezwa kwa kirefu. Mahali penyewe palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe, wakati eneo hilo lilikuwa nje kabisa ya mji. Miaka michache baadaye kilikuwa kimeacha nyuma yake uwanja mweupe wa mawe matupu, hauna udongo, chini yake maji ya chumvichumvi, na joto la mawe likimrudia mtu usoni. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller, alianza kuotesha miti katika uwanja huo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mti wa damas unaotoka upande wa Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Mizizi yake hukaa na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo huweza kuishi pasipo na mbolea. Lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Yalilala chini kama zulia kavu, na pasipo kuoza hakuna udongo. Waliotatua tatizo hilo ni majongoo, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu wanaojulikana kila shamba la Pwani. Waliletwa kwa mamia, wakala majani ya mvinje, na kinyesi chao kikawa udongo. Juu ya udongo huo zikaota nyasi, nyasi zikavuta wadudu, wadudu wakavuta ndege, na polepole wakaletwa pofu, choroa, twiga na viboko. Watu walifunguliwa milango mwaka 1984.

Mzazi anayeijua historia hii kabla ya kuondoka nyumbani atapanga siku kwa namna nyingine. Mnyama wa kwanza wa kutafutwa, mara tu baada ya lango, ni jongoo. Watoto wa miaka mitatu na minne wako karibu na ardhi kuliko watu wazima, na jongoo wanamwona wao kwanza. Waachwe wachuchumae. Unyoya mmoja wa mvinje uokotwe na uvutwe polepole kutoka ncha zote mbili: huachana kwenye maungio, kipande kwa kipande, na kwenye kila ungio huonekana vimeno vidogo sana. Vimeno hivyo ndivyo majani halisi ya mvinje, na kinachodhaniwa kuwa jani ni kijitawi. Jongoo akiguswa kwa kijiti hujikunja duara na huweza kutoa majimaji ya rangi ya hudhurungi yenye harufu kali. Majimaji hayo huwasha macho, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya safari kuendelea. Dakika ishirini zimeshapita, mtoto hajaona mnyama mkubwa hata mmoja, na tayari ameshaelewa jinsi msitu mzima unavyosimama juu ya mgongo wa mdudu.

Watu wengi duniani waliisikia Bamburi kwa mara ya kwanza kupitia kiboko na kobe. Mwishoni mwa Desemba 2004, siku za tsunami ya Bahari ya Hindi, ndama wa kiboko alikwama baharini karibu na Malindi, mbali na kundi lake la mto Sabaki. Wavuvi na wakazi walihangaika naye siku nzima hadi wakamnasa kwa nyavu. Akaitwa Owen, jina la mmoja wa waliomkamata, akapelekwa Haller Park na kuwekwa kwenye eneo la kobe mkubwa wa asili ya kisiwa cha Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi na aliyekuwa akiitwa Mzee. Owen alijibanza nyuma ya kobe huyo kama ndama anavyojibanza kwa mama yake. Mwanzoni Mzee alimkimbia. Baada ya siku chache wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, na baadaye Owen alipokua akahamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo ili ajifunze kuishi kama kiboko. Kisa hiki kiliandikwa katika kitabu cha watoto kilichosomwa nchi nyingi. Kinafaa kusimuliwa usiku wa kuamkia safari, maana mtoto anayekwenda kuona kobe akiwa na kisa kichwani hutazama kobe kwa muda mrefu kuliko anayekwenda kuona kobe tu.

Kuchagua tarehe ni kuchagua hali ya hewa na wingi wa watu kwa pamoja. Pwani, Januari hadi Machi joto huwa kali, na Aprili na Mei ni masika. Miezi ya kusi, kuanzia Juni, ina hewa nzuri ya kutembea, na likizo ya Agosti huangukia humo. Mwanza hukauka kuanzia Juni hadi Septemba, na likizo ya Juni ya shule za Tanzania imekaa mahali pake kabisa. Nanyuki ni juu, karibu na Mlima Kenya, na asubuhi ya Julai huko huhitaji sweta hata kwa mtoto mwenye damu moto. Siku ya Idi, Krismasi na Mwaka Mpya bustani zote hufurika. Watu huenda kwa sababu ni sikukuu na furaha yao ni ya haki, ila mwenye nia ya kumwonyesha mtoto wanyama atafanya vyema kwenda Jumamosi ya kawaida, lango linapofunguliwa. Siku za shule nazo zina shida yake, maana mabasi ya wanafunzi hufika kwa pamoja na foleni ya watoto mia mbili hupita mbele ya kila kizimba ikisukumwa na walimu wenye haraka. Familia ina kitu ambacho safari ya shule haina, nacho ni uhuru wa kusimama.

Fedha zihesabiwe mapema na kwa uwazi. Viingilio vingi hutofautisha raia, mkazi na mgeni, na pia mtu mzima na mtoto. Katika hifadhi za taifa za Tanzania, Saanane ikiwemo, mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwa malipo, na wa miaka mitano hadi kumi na mitano hulipa kiwango cha mtoto. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu, na noti mkononi hazisaidii langoni. Kwenye vituo vya KWS malipo hupitia mfumo wa serikali wa mtandaoni. Kitambulisho cha taifa kibebwe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vibebwe au vipigwe picha kwenye simu. Familia nyingi za Mombasa, Lamu na Unguja zina shangazi aliyetoka Muscat au mjomba aliyetoka Toronto kwa mwezi mmoja wa mapumziko, na safari ya wanyama mara nyingi hupangwa kwa heshima yake. Mgeni huyo akiwa na pasipoti ya kigeni hulipa kiwango cha kigeni, ambacho huwa mara kadhaa ya kile cha raia. Ni afadhali jambo hilo lizungumzwe nyumbani, kwa adabu, kuliko kugunduliwa mbele ya karani wa tiketi huku watu wa nyuma wakisubiri.

Gharama kubwa mara nyingi ni usafiri. Familia ya watu sita huweza kufika Bamburi kwa matatu na kushuka karibu na lango. Kukodi gari siku nzima kwa ajili ya kilomita chache ni kutupa fedha ambazo zingelipia ziara ya pili. Na ziara ya pili ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Mtoto anayemwona kiboko yule yule Januari na Agosti huanza kumfahamu.

Kuhusu chakula, kanuni ni kubeba kinacholiwa kwa mkono mmoja na kisichoharibika kwa joto: chapati, mahamri, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Pilau ya sinia ni tamu, lakini humfunga mama mmoja au wawili kulinda sufuria siku nzima, na hao hao ndio waliopika usiku kucha. Siku ya familia ambayo mama haoni mnyama hata mmoja imepangwa vibaya. Maji yatoke nyumbani kwenye chupa za kudumu. Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi, misitu na fukwe kuanzia tarehe 5 Juni 2020, zikiwemo chupa za maji na vikombe, na mifuko ya plastiki ilikuwa imeshakatazwa nchi nzima tangu Agosti 2017. Tanzania ilifanya vivyo hivyo kwa mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukindu, leso mbili za kutandika, kofia, sabuni ya kipande na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto vinatosha. Chakula kiliwe mahali palipotengwa na kimalizike hapo. Tumbili huona karanga mkononi mwa mtoto kutoka juu ya mti, na akishafika chini hamngoji mtu.

Wazee wapangiwe kwa kuulizwa. Njia za Haller Park zimo kwenye sakafu ya machimbo ya zamani, sehemu kubwa chini ya kivuli, na bibi mwenye maumivu ya magoti huweza kuzitembea polepole. Saanane ni mawe na vilima, na bibi huyo huyo angebaki kwenye benchi la ufukweni. Hilo si sababu ya kumwacha nyumbani. Bibi aliyelima mahindi karibu na msitu anajua mbinu za nyani kuliko kibao chochote, na anajua ngiri anavyokimbia amesimamisha mkia. Mtoto amwulize yeye kabla ya kusoma kibao.

Siku yenyewe ianze asubuhi, na ifuate ratiba ya kulisha. Haller Park, kwa desturi, twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na viboko saa kumi. Simu ya siku moja kabla huthibitisha kama saa hazijabadilika. Familia yenye watoto wadogo ichague twiga wa saa tano, kisha ipumzike. Twiga wa huko wamezoea watu na hula chakula cha punje kutoka viganjani, kwenye jukwaa linalomfikisha mtoto karibu na uso wao. Kiganja kinyooshwe kabisa, kidole gumba kikibanwa kando, punje zikae katikati. Ulimi unaoshuka ni wa rangi ya zambarau iliyokoza hadi kukaribia weusi, una urefu wa karibu sentimita 45, na hujizungusha kwenye kiganja na kuacha ute mzito unaonata. Watoto wengi huvuta mkono mara ya kwanza. Wasilazimishwe, wamwangalie kaka au binamu akifanya, na baada ya mzunguko mmoja huomba wenyewe. Akiwa karibu hivyo, mtoto huona pia kope ndefu, na pembe mbili fupi zilizofunikwa ngozi, za dume mara nyingi zikiwa na upara juu kwa sababu ya kupigana. Simu za picha ziwekwe mfukoni baada ya picha mbili. Mzazi anayetazama tukio hilo kupitia kioo cha simu anamfundisha mtoto atazame vivyo hivyo.

Kati ya twiga na viboko kuna saa ndefu za joto, na hapo ndipo siku nyingi huharibika kwa kutaka kumaliza kila kizimba. Afadhali wanyama watano waonwe vizuri kuliko thelathini waliopitiwa. Kila mnyama ana jambo moja linalomvuta mtoto akae. Mamba aliyelala ameachama hajakasirika. Anajipoza kwa kuachilia joto kupitia kinywa, na mtoto anaweza kuhesabu meno yanayobaki nje hata akifunga taya. Kiboko ndani ya maji haogelei. Hukanyaga chini kama mtu anayetembea bwawani, na huweza kukaa chini ya maji kwa dakika kadhaa, hadi tano hivi, kabla ya kuibuka na kupuliza pumzi. Watoto wa shule ya msingi wakipewa kazi ya kuhesabu sekunde tangu azame hadi aibuke, na kubashiri ataibukia wapi, watakaa kimya robo saa bila kukemewa.

Saanane hutoa mchezo wake. Asubuhi na mapema pimbi hupanda juu ya mawe kuota jua, kwa kuwa mwili wao haushiki joto vizuri usiku. Wanafanana na sungura mnene asiye na masikio marefu, lakini jamaa zao wa karibu ni tembo na nguva. Mtoto asiambiwe hilo mara moja. Aangalie kwanza nyayo za mnyama huyo, zenye vidole vyenye kucha zilizo kama kwato ndogo, kisha akumbuke mguu wa tembo kwenye picha. Kwenye mawe hayo hayo huonekana mijusi, madume yakiwa na kichwa chekundu na mwili wa buluu, wakiinua na kushusha kifua kutangaza eneo lao. Familia inayofika kwa boti ya kwanza huyaona yote haya. Inayofika adhuhuri huyakuta mawe.

Sokwe wanahitaji utaratibu wa peke yake. Jeni zao na za binadamu hufanana kwa takriban asilimia 98, na kwa sababu hiyo hiyo mafua ya mtu huwapata, wakati mwingine kwa ukali unaoua. Mtoto mwenye kikohozi abaki nyumbani na safari iahirishwe, hata kama gari limeshalipiwa. Sweetwaters ina makundi mawili, yaliyotenganishwa na mto Ewaso Nyiro, na mtazamaji hukaa nyuma ya uzio. Cha kutazama ni jinsi wanavyochambuana manyoya: nani anamchambua nani, nani anasubiri zamu yake, nani hakaribiwi. Watoto wa miaka minane na kuendelea huuelewa mchezo huo upesi sana, kwa kuwa wameshauona darasani mwao. Hapo pia huulizwa swali zito: kwa nini wako ndani ya uzio? Lijibiwe kwa ukweli. Hawa walinyang'anywa mama zao na wawindaji au waliuzwa kama vitu vya kuchezea, hawakufunzwa kuishi msituni, na kwao sasa kuna watu na mashamba. Mtoto wa umri huo anastahili jibu kamili, na akihuzunika, huzuni hiyo ni ya akili timamu.

Usalama unahitaji maneno machache yasiyobadilika. Hakuna kukaa juu ya uzio wala kupandishwa mabegani karibu na kizimba. Hakuna kutupa kitu, wala kugonga kioo cha nyoka. Kila watoto watatu wawe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina, maana mtoto wa wote hupotea kirahisi. Kwenye boti kila mtu avae jaketi la uokozi, wajomba wanaojua kuogelea wakiwemo, na ukingoni mwa Ziwa Victoria watoto wasichezee maji: kuna kichocho, ugonjwa unaoenezwa kupitia konokono wa maji baridi, na ziwa lina mamba. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kulisha au kugusa mnyama yeyote, na kabla ya kula, bila kusamehewa mtu. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na tumbili, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili ni nadra sana mtu kupona, na chanjo iliyowahi huuzuia. Kuogopa kuwaharibia wengine siku si sababu ya kungoja hadi jioni.

Kuondoka nako kupangwe. Mwenye watoto wa chini ya miaka mitano aondoke baada ya twiga na chakula cha mchana, kabla usingizi haujageuka kilio. Ametimiza siku yake. Mwenye watoto wakubwa abaki kwa ajili ya viboko wa saa kumi, ambao huisubiri saa hiyo kuliko wageni, na husogea ukingoni mapema wanapomwona mtu mwenye ndoo. Hao huonekana kwa ukubwa wao wote wanapotoka majini, jambo ambalo porini hufanywa zaidi usiku. Baada ya hapo magari ya kwenda mjini huanza kujaa na barabara ya Malindi hufungana, kwa hiyo chupa, leso na viatu vikusanywe kabla ya kulisha kuanza, nauli iwe mkononi, na aliyechoka zaidi apewe kiti cha dirishani.